Fomu ya bima usiisaini kabla hujaisoma

Jamani wenye kadi za NHIF, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, huku Mtwara, ile fomu ya 2A na B unayopewa usaini ukishatibiwa ndo madai yenyewe, hospitali inaipeleka mfuko ili ilipwe, kwa hiyo ukisaini umekubali kwamba vipimo na dawa zote zilizoandikwa humo umezipata. Juzi nimempeleka bibi, dirisha la dawa wakasema ya presha imeisha, kucheki fomu nakuta imeandikwa vidonge 30, nikaomba kwa upole waikate kwanza ndo bibi akaweka dole gumba. Mwandiko wa daktari ukikushinda mwombe nesi akusomee mstari kwa mstari, hata foleni iwe ndefu vipi. Na fomu tupu usisaini kabisa.