Ukiugua likizoni nje ya nchi: hatua kwa hatua kwa anayesafiri kutoka Lubumbashi

Mimi ni muuguzi hapa Lubumbashi. Shule zikikaribia kufungwa, jamaa na majirani huanza kuniuliza wabebe dawa gani: huyu anapeleka watoto Livingstone, Zambia, kuona maporomoko, yule anakwenda Zanzibar, mwingine Johannesburg kwa dada yake au Dubai. Dawa ni muhimu, ila mimi naanzia kwingine. Daktari utakayemkuta huko hakujui, wala hajui magonjwa ya kwetu. Kazi yako ni kumjulisha upesi.

Hatua ya 1: Andika karatasi ya afya, moja kwa kila msafiri

Weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kundi la damu, magonjwa ya kudumu, dawa zinazokudhuru, dawa unazomeza kila siku, na simu ya ndugu aliyebaki nyumbani. Dawa iandike kwa jina lake lenyewe, si jina la boksi, maana boksi hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Iwe hivi:

*Presha. Amlodipine mg 5, kidonge kimoja asubuhi. Penisilini inanivimbisha uso.*

Ordonansi zetu, yaani karatasi za daktari za kununulia dawa, ni za Kifaransa, na daktari wa Ndola huko Zambia au wa Dubai huenda asikisome. Tafuta mtu anayejua Kiingereza vizuri aigeuze karatasi hiyo, kisha ipige picha na kuituma kwenye simu ya mwenzako wa safari.

Mzazi mwenye mtoto wa SS, yaani ugonjwa wa selimundu, nakuomba usome hapa mara mbili. Likizo yetu ya Julai na Agosti inaangukia katikati ya baridi ya Johannesburg, mji ulio juu ya mita 1,700. Baridi na kukaukiwa maji huamsha maumivu ya SS. Mwone daktari wake kabla hamjakata tiketi, mvalishe nguo nzito, mpe maji njia nzima, na dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi. Akipata homa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 2: Panga dawa na karatasi za chanjo

Dawa zibaki kwenye boksi zake, pamoja na ordonansi. Wa Dubai wawe waangalifu zaidi: dawa za maumivu kama tramadol na kodeini zinahitaji kibali cha serikali ya Emirati, nchi ya Dubai, kabla hujaingia. Hiyo tramadol inayouzwa kirahisi mtaani kwetu inaweza kukufikisha polisi kule. Kadi ya njano ya homa ya manjano ibebe pia; chanjo huhesabika baada ya siku 10, basi usiichome siku ya kuondoka.

Hatua ya 3: Nunua bima na uisome

Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, inadai bima isiyopungua euro 30,000. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, inawadai wageni bima yake yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima. Kwingine kwingi unaachiwa uamuzi, na ushauri wangu ni ununue. Uliza mambo mawili: je, inalipa ugonjwa uliokuwa nao tayari? Inalipa hospitali moja kwa moja, au wewe unalipa kisha unarudishiwa? Kama ni kurudishiwa, beba dola taslimu au kadi ya benki. Usitegemee pesa ya simu ya hapa nyumbani.

Hatua ya 4: Ukipata homa, taja malaria wewe mwenyewe

Hapa ndipo ninapowasisitizia watu kuliko pengine pote. Malaria kali ya kwetu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Mbu aliyekuuma hapa Lubumbashi, Katuba au Kampemba, wiki iliyopita, homa yake inaweza kukukuta ufukweni Dubai au kwa shangazi yako Cape Town. Huko malaria haisambai, na daktari akiona homa na kichwa kinachouma anaweza kufikiria mafua akakupa paracetamol, urudi kulala. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, siku moja ya kuchelewa inaweza kuua.

Kwa hiyo sema mapema, kabla hujaulizwa: "Natoka Kongo, kwetu kuna malaria. Homa ilianza jana jioni. Naomba damu ipimwe malaria leo." Sema ulifika lini, na kama umeshameza dawa yoyote. Wakikuambia haihitajiki, omba tena kwa heshima, usitoke. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi kesho yake upimwe tena.

Hatua ya 5: Jambo la ghafla

Hifadhi namba kabla ya safari: Afrika Kusini ambulansi ni 10177, au 112 kwa simu ya mkononi, Emirati ni 998, nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Mkivuka mpaka wa Kasumbalesa kumbukeni Zambia magari hupita kushoto. Watoto wetu wamezoea kuangalia upande mwingine kabla ya kuvuka barabara, basi washikeni mkono. Kiingereza kikikukwama Kitwe au Ndola, jaribu Kibemba.

Hospitali za kibinafsi mara nyingi hudai pesa ya dhamana kwanza. Afrika Kusini, katiba yenyewe, kifungu cha 27, inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Mgonjwa akiwa mahututi, mtajie mhudumu kifungu hicho kwa utulivu. Wakati mmoja anahangaika na mgonjwa, mwingine apigie bima na kuandika namba ya dosie (faili) atakayopewa.

Hatua ya 6: Usitoke bila karatasi

Omba ripoti ya daktari, majibu ya maabara, picha za eksirei, na risiti yenye muhuri inayotaja kila kilicholipwa. Ukirudi Lubumbashi, mpelekee daktari wako ripoti hiyo wiki ile ile. Bima ipe nakala, zile za asili zikidaiwa zipige picha kwanza, na uangalie kwenye mkataba ni siku ngapi umepewa za kudai pesa yako.