Kupima streini ya waya ya supakondakta bila kuiua

Supakondakta ni waya inayopitisha umeme bila ukinzani ikipoa sana. Ile ya niobiamu-titani, ya sumaku kubwa za LHC (mashine ya kugonganisha chembe) pale CERN, haina makuu, unaikunja inakubali. Kisirani ni Nb3Sn, niobiamu na bati, iliyomo kwenye koili kubwa za ITER, mtambo wa majaribio ya nishati ya muungano wa nyuklia kule Ufaransa, maana ikishachomwa tanuruni kwenye nyuzijoto kama 650 za Selsiasi inakuwa kavu kama kigae. So kunja kwanza, choma baadaye. Piga hesabu: streini (kiasi waya inachorefuka au kubanwa ukilinganisha na urefu wake) ya upande wa nje ni kipenyo cha waya gawa kwa mara mbili ya radiasi ya mkunjo, yaani waya ya milimita 0.85 iliyokwisha chomwa ukiikunja kwa radiasi ya sentimita 10 tu tayari ni asilimia 0.4 na ushee, nyuzi nyembamba za Nb3Sn zilizo ndani ya waya ziko hatarini.

Kupima, tumia springi ya Walters, yaani springi nene ambayo waya inazungushiwa juu yake, na ukiizungusha springi inaivuta au kuibana waya. Choma waya kwenye roda ya chuma yenye mifereji sawa na ya springi, ihamishe kwa kuizungusha kama skrubu, usiivute hata kidogo, alafu isoldie mwanzo mpaka mwisho. Chovya kwenye heliamu ya maji, kelvini 4.2 (chumba kipitishe hewa jamani, ikichemka inavimba kama mara 700 na kufukuza oksijeni). Weka uga wa sumaku wa tesla 12, zungusha springi kidogo, pandisha umeme polepole. Kigezo cha kwamba waya imefika kikomo chake cha umeme ni mikrovolti 0.1 kwa sentimita, so kama nyaya zako za volteji zimeachana sentimita 20, ikigonga mikrovolti 2 andika ampea.

Usishangae ampea zikipanda mwanzoni unapovuta waya kwa kuzungusha springi. Shaba inasinyaa kuliko Nb3Sn kwenye baridi, kwa hiyo nyuzi zilikuwa zimebanwa na wewe unazipa nafuu. Baada ya kilele ampea zinashuka, na kushuka sio kufa: legeza urudi hatua ya nyuma, pima tena. Zikirudi uko salama, zisiporudi nyuzi zimepasuka. Hatua hii watu wanairuka kwa kubania heliamu, na mi naona bila hiyo grafu yako ni pambo tu.

Kwenye sumaku yenyewe bandika streini geji (kipande chembamba kinachopima streini) kwenye ganda la alumini linalokaza koili, na nyingine kwenye kipande cha alumini hiyohiyo kisichobeba mzigo, pembeni yake, utoe athari ya baridi. Ukikaza koili kwa mifuko ya maji ya presha, usimalize mbano wote kabla ya kupoza, ganda likipoa litasinyaa na kuongeza lenyewe.