Chatu mgeni: siku tisini chumba cha peke yake

Mwaka 2019 nilinunua chatu jike mchanga kwenye maonyesho ya wafugaji hapa kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa amenona, magamba yanang'aa. Jioni ile ile nikamweka rafu moja na wenzake. Siku ya kumi na mbili nikaona vidoti vyeusi vimezama kwenye bakuli la maji, tena si bakuli lake. Lilikuwa la Shaba, dume niliyemlea miaka sita, masanduku matatu kando. Nimekulia Kisauni, Mombasa, kwenye banda la kuku la nyanya yangu, na utitiri naujua nikiuona.

Nilihangaika na wadudu hao miezi minne. Katikati ya hapo Shaba akaanza kuinua kichwa na kuhema mdomo wazi, ute ukimjaa kooni. Kipimo kikaonyesha nidovirusi, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ya nyoka. Cha yule jike, aliyeonekana mzima kabisa, kikaonyesha hivyo hivyo. Shaba alikufa. Ninayoandika hapa ni yale niliyopaswa kuyafanya jioni ile.

Nyoka mgeni anakaa chumba kingine. Pembe nyingine ya chumba kile kile haitoshi, kwa sababu utitiri hutembea. Mpe siku 90 bila kupunguza hata moja. Wenye boa, nyoka wanaofanana na chatu, nawasihi mfike miezi sita. Kuna ugonjwa wa boa na chatu uliojulikana tangu miaka ya 1970, lakini virusi vyake, vya jamii ya arena, vilitambuliwa mwaka 2012 tu na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Boa anaweza kuvibeba muda mrefu bila dalili yoyote. Chatu akivipata huzidiwa upesi: anayumba, anapinda shingo kutazama juu, ukimgeuza chali hawezi kujigeuza. Tiba hakuna.

Sanduku la karantini liwe la plastiki, lisilo na madoido. Tandika karatasi nyeupe ya jikoni badala ya maganda ya miti, maana juu ya weupe huo utaona kila kidoti cheusi, kila tone la damu, kila choo kisicho cha kawaida. Maficho yawe ya kadibodi, uyatupe kila wiki. Joto usilikosee: chatu wadogo wa Afrika Magharibi, ambao ndio wengi wetu tunawafuga, wanataka kama nyuzi 32 upande wa joto. Nyoka mwenye baridi kinga yake hulala.

Halafu mikono yako. Hapa ndipo wengi tunapowaua nyoka wetu. Hudumia wazima kwanza, mgeni mwisho, kisha nenda ukaoge na ubadilishe nguo. Ukishaingia kwa mgeni, kwa wenyeji hurudi mpaka kesho. Kila chumba kiwe na kibano chake, ndoo yake na kitambaa chake. Panya aliyekataliwa na nyoka mmoja usimpe mwingine hata kama unaona uchungu wa pesa, mtupe.

Utitiri utafute chini ya kidevu, pembeni mwa macho na kwenye maji. Nyoka anayeshinda ndani ya bakuli huenda anajaribu kuwazamisha. Wadudu hawa hunyonya damu, na wanashukiwa kuhamisha virusi kutoka nyoka hadi nyoka. Mayai hawayatagi mwilini mwa nyoka. Wanayaficha kwenye nyufa za sanduku na rafu, kwa hiyo ukitibu nyoka ukaacha rafu, umecheza bure. Dawa muulize daktari anayejua reptilia. Ivermektini inaua kobe, basi ukifuga na kobe usiiguse bila ushauri wake.

Kusafisha kuna mpangilio. Osha kwanza kwa sabuni, kwani jiki haifanyi kazi juu ya kinyesi. Ndipo upake jiki, sehemu moja kwa kumi za maji, iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Iache dakika kumi, suuza, na ukaushe mpaka harufu iishe. Mapafu ya nyoka hayaivumilii. Ila kuna kimelea jiki haimtishi, kriptosporidia. Nyoka wake hutapika mlo siku chache baada ya kula, hukonda, na tumbo huvimba katikati ya mwili. Kimelea huyo anauawa na mvuke wa moto au amonia. Amonia na jiki usizikutanishe kamwe, zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Mimi vifaa vya nyoka wa namna hiyo navitupa.

Kabla siku 90 hazijaisha, omba kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba vya virusi: kijiti cha pamba mdomoni kwa nidovirusi, damu kwa arena. Ni ghali, lakini Shaba alinigharimu zaidi. Ikitokea dalili siku ya themanini, hesabu inaanza upya siku dalili ikiisha.

Nyumbani kwangu vyombo vya nyoka haviingii jikoni, na mtoto wa dada yangu wa miaka mitatu hawashiki, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Na nyoka akikufia, mweke kwenye friji, usimgandishe, umfikishe kwa daktari upesi apasuliwe. Barafu huharibu tishu zinazochunguzwa. Shaba nilimweka kwenye friza wiki nzima.