Kutumia Vihisi na Skrini Katika Somo la Uimbaji wa Klasiki

Mwalimu wa uimbaji wa klasiki hawezi kuziona nyuzi za sauti za mwanafunzi wake, na mwanafunzi naye hujisikia kwa kiasi kikubwa kupitia mifupa ya kichwa, hivyo sauti anayoisikia yeye si ile inayomfikia msikilizaji. Vihisi husaidia hapo, mradi vitumiwe kwa utaratibu.

Anza na maikrofoni na Praat, programu ya bure iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Weka maikrofoni sentimita 30 kutoka mdomoni, usiubadilishe umbali huo, na zima mipangilio yoyote ya kompyuta inayopunguza kelele au kurekebisha ukubwa wa sauti, kwani huharibu kila ulinganisho. Kwenye spektrogramu, yaani picha inayoonyesha nguvu ya sauti katika kila masafa ya mtetemo kadiri muda unavyopita, ongeza urefu wa dirisha (kipande cha sauti kinachochanganuliwa kwa mara moja) kutoka sekunde 0.005 hadi 0.03, na mistari ya harmoniki, yaani mitetemo inayounda noti moja, itajitokeza mmoja mmoja.

Mwanafunzi wa teno au besi (sauti ya kiume ya juu au ya chini) aimbe irabu "a" kwa noti moja, kisha mtazame eneo la Hz 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde). Mtafiti wa sauti Johan Sundberg wa Stockholm alionyesha kwamba waimbaji wa kiume wa opera hukusanya nguvu hapo, ilhali nguvu kubwa ya okestra iko karibu na Hz 500. Ndiyo maana mtu mmoja asiye na kipaza sauti husikika juu ya wapigaji wengi. Eneo hilo likiwa hafifu, usimwambie asukume sauti. Alegeze mzizi wa ulimi, avute pumzi kwa utulivu hadi zoloto (kisanduku cha sauti kooni) lishuke lenyewe, arudie, kisha mlinganishe picha mbili. Kwa soprano (sauti ya juu ya kike) usikitegemee kipimo hiki katika noti za juu, kwa sababu harmoniki zake huachana mno, naye hupata nguvu hasa kwa kufungua taya.

Mikanda miwili ya kupima pumzi, mmoja kifuani na mwingine usawa wa kitovu, huonyesha kama mbavu zinaporomoka kabla ya sentensi ya muziki kwisha. Mlinganishe mwanafunzi na yeye mwenyewe, si na mwenzake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba skrini isitazamwe wakati wa kuimba. Anayeonyeshwa matokeo kila mara huyategemea, na ustadi hupungua yakiondolewa. Praat huonyesha picha baada ya kurekodi, na kwangu hiyo ni faida. Mwanafunzi aimbe, aeleze alichohisi kooni na mbavuni, akisie picha itakavyokuwa, ndipo umgeuzie skrini. Makisio yakianza kulingana na picha, mwonyeshe kila baada ya marudio matatu, kisha mara moja tu mwishoni mwa somo. Akikosea tena kwa irabu fulani, irudieni irabu hiyo peke yake kabla ya kuendelea na wimbo.