Mzazi anahama nyumba ya Shirika anaenda kupanga mtaani, na hela yake ni pensheni tu: fanya hivi

Mama yangu amekaa nyumba ya Shirika la Nyumba pale Upanga miaka mingi, kodi analipa mwezi kwa mwezi, ila ngazi za ghorofa ya tatu magoti yakagoma kabisa, tukakaa kifamilia tukaamua atafutiwe nyumba ya chini Tabata karibu na mdogo wangu. Tulidhani kazi ni kupata nyumba. Nyumba zipo jamani, shida ni kwamba pensheni inaingia kila mwezi halafu mwenye nyumba wa mtaani anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Hapo ndo wazee wengi wanakwama.

Kwaiyo kabla hujampigia dalali yeyote piga hesabu ya nusu mwaka, achana na hesabu ya mwezi. Chukulia nyumba ya laki na nusu: miezi sita ni 900,000, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja 150,000, hapo ushafika 1,050,000 na kirikuu ya kuhamisha vitu bado, wabebaji bado, kitasa kipya bado (badilisha kitasa, usibishe). Na siku ile ile anaingia ndo anaanza kuweka pembeni 150,000 ya kila mwezi, maana miezi sita inafika haraka sana. Iweke kwenye akaunti nyingine, isikae kwenye simu, kwenye simu wajukuu wataimaliza.

Kama mzee wako ndo anakaribia kustaafu na mkupuo wake wa kustaafu haujatoka, nakuomba sana, toeni kodi ya mwaka mzima kwanza kabla hamjaongea habari za bodaboda wala kumalizia pagala la Chanika. Na msikope kulipia kodi. Mkopo wa mstaafu unakatwa kwenye pensheni hiyo hiyo mnayoitegemea, na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ndo msiiguse kabisa.

Sasa kuomba miezi mitatu mitatu. Inawezekana, ila usimtume dalali akuombee, yeye hesabu yake ni nyingine. Nenda na mzee mwenyewe. Sisi mwenye nyumba wa kwanza alikataa katakata, wa pili alikuwa mama mtu mzima, mama yangu akakaa nae barazani wakaongea mpaka saa kumi, akamwonyesha karatasi ya benki pensheni inavyoingia kila mwezi bila kuruka, yule mama akasema haya lete ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anaogopa mpangaji ambae biashara yake ikiyumba na kodi inayumba, mstaafu hana hiyo shida, mwambieni hivyo waziwazi.

Kwenye dalali tuliumia. Hela ya kuonyeshwa nyumba tulilipa, hiyo sawa, lakini mmoja akatuambia nyumba inagombewa toa kishika uchumba laki moja, tukatoa, kumbe nyumba ina mtu tayari na simu haikupokelewa tena. Ukiacha hiyo ya kuonyeshwa, usitoe hata mia mpaka umekaa na mwenye nyumba uso kwa uso. Halafu pita ofisi ya serikali ya mtaa umuulize mwenyekiti au mtendaji ile nyumba ni ya nani. Uliza hasa kama ni nyumba ya urithi, maana Dar hizi zipo nyingi, unalipa kwa kaka mkubwa halafu mwezi wa pili anakuja dada mtu anadai kodi yake. Kama ni ya urithi unalipa kwa msimamizi wa mirathi, akuonyeshe barua ya mahakama.

Mkataba uandikwe, mjumbe au mwenyekiti awe shahidi. Na muandike kabisa kodi haitapanda kwa muda gani, hii usiiache, kwa sababu ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwaiyo kinachokulinda ni kile mlichoandika. Ikitokea ugomvi mnaanzia mtaani, baraza la kata linasuluhisha, ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nyumba yenyewe ikague ukiwa na macho ya mzee: choo cha kukaa, ngazi, umbali wa kituo cha daladala, hospitali inayopokea bima yake. LUKU awe na mita yake peke yake, za kushea ni ugomvi wa kila wiki. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU na hiyo ni ya mwenye nyumba, kwaiyo kubalianeni mapema mtaitoaje kwenye kodi. Maji ulizia bili ya DAWASA kama ina deni, na kama ni kisima onja. Angalia ukuta kama una mstari wa maji, hasa maeneo yanayopakana na bonde la Msimbazi, na majirani watakwambia ukweli wa masika kuliko dalali.

Huku Shirika usirudishe funguo mpaka mkataba mpya umesainiwa. Soma mkataba wa zamani unataka notisi ya muda gani, toa kwa maandishi ubaki na nakala yenye muhuri, maliza deni lote, piga picha kila chumba, na siku ya kukabidhi udai karatasi ya makabidhiano. Kuna ndugu atakuja na wazo la kuuza ufunguo, yaani kumwachia mtu nyumba kwa hela, au kumwachia binamu akae kimya kimya. Kataa. Nyumba sio yenu, na jina kwenye mkataba ni la mzee, atakaeitwa ni yeye.

Akishahamia, kama namba ya simu imebadilika peleka mpya kwenye mfuko wa pensheni. Wazee wengi bado wanasema PSPF au LAPF, hizo tangu 2018 ziliunganishwa kuwa PSSSF, nenda huko, maana taarifa za uhakiki wa wastaafu zikimpita pensheni inaweza kusimama wakati kodi inadaiwa. Na kila miezi mitatu ikikaribia kuisha, wiki mbili kabla, mpigie mwenye nyumba wewe mwenyewe umwambie hela ipo, lipa kwa benki au simu ibaki kumbukumbu, na risiti zote ziwe kwenye bahasha moja ambayo na mtoto mwingine wa nyumba anajua ilipo.