Runinga ya Kidijitali Inapokatakata: Namna ya Kuchagua Antena na Kuielekeza Ipasavyo

Picha inapoganda katikati ya taarifa ya habari na miraba ya rangi ikatapakaa kwenye kioo, watu wengi hukimbilia dukani kununua busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Hivi karibuni nilimsaidia shangazi yangu anayeishi Kitengela kupata chaneli zake zote bila kifaa hicho, na nimeona inafaa niandike utaratibu tulioufuata, kwa sababu ushauri unaotolewa madukani mara nyingi huanza na kitu ambacho kingepaswa kufikiriwa mwisho. Kinachohitajika kwanza ni antena inayolingana na masafa ya runinga, iliyowekwa nje juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara.

Kabla ya Kenya kuzima mitambo ya analogi mwaka 2015, mawimbi hafifu yalileta chenga, na mtazamaji aliweza kuona hali ikizorota polepole. Mfumo wa kidijitali hauna chenga. Picha hubaki safi kabisa mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango ambacho king'amuzi kinaweza kuyasoma, kisha hupotea ghafla, kwa hiyo picha nzuri ya leo haikuambii kama umebakiwa na akiba kubwa au unaning'inia ukingoni.

Hatua ya 1: Kagua kipokezi

Kenya hutumia mfumo wa DVB-T2, kizazi cha pili cha matangazo ya kidijitali ya antena. Runinga yenye DVB-T pekee, yaani kizazi cha kwanza, kama baadhi ya zile kuukuu zinazoletwa kutoka ng'ambo, haitaonyesha chochote hata ikiunganishwa na antena bora, na itahitaji king'amuzi cha T2.

Hatua ya 2: Jua mnara uko wapi

Wakazi wengi wa Nairobi na viunga vyake hutegemea mitambo iliyo Limuru. Aliye Kitengela ataielekeza antena kaskazini-magharibi, umbali wa kilomita 50 na kidogo. Aliye Thika ataielekeza karibu magharibi kabisa. Chora mstari kwenye ramani ya simu kutoka nyumbani kwako hadi Limuru, kisha tumia dira ya simu hiyo hiyo, lakini usimame mbali na mabati na nguzo za chuma kwa sababu huipotosha dira. Angalia pia kilicho katikati. Anayeishi Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yuko karibu sana na Limuru kwenye ramani, lakini ukingo huo unaweza kumzuilia mawimbi zaidi kuliko mtu aliye tambarare ya Athi River.

Zaidi ya hayo, wasambazaji wa mawimbi ni zaidi ya mmoja, wakiwemo Signet, PANG na ADN, na kila mmoja hurusha kundi lake la chaneli kwa masafa yake. Ukipata KBC vizuri lakini Citizen, NTV na KTN zikakosekana kwa pamoja, runinga yako haijaharibika: mawimbi ya ADN ndiyo hayakufikii ipasavyo.

Hatua ya 3: Chagua antena kwa kutumia rula

Matangazo ya kidijitali ya nchi kavu, yaani yanayopokelewa kwa antena na si kwa dishi, yako kwenye masafa ya UHF, kuanzia chaneli ya 21 hadi ya 48, yaani megahezi 470 hadi 694. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa kati ya sentimita 43 na 64, na kijiti cha antena hufanya kazi vizuri kikiwa karibu na nusu ya urefu huo. Pima vijiti vya antena unayotaka kununua. Vikiwa kati ya sentimita 20 na 32 hivi, hiyo ni antena ya UHF. Vikikaribia mita moja au kuizidi, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya chaneli za zamani za VHF, na haifai hata kama muuzaji ameibandika karatasi yenye neno "dijitali".

Mimi huchagua antena ya Yagi ya chuma isiyo na umeme ndani yake, yenye vijiti 10 hadi 15, kwa mtu aliye mbali na mnara. Aina hii, iliyobuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, husikiliza upande mmoja na kupuuza pande nyingine, na kupuuza huko kuna thamani sawa na kusikiliza. Aliye karibu na mnara anaweza kutumia antena ndogo zaidi. Zile bapa za kubandika dirishani na zile zinazojizungusha kwa rimoti simshauri mtu yeyote aliye zaidi ya kilomita 20 kutoka mnarani azinunue, kwani fedha hiyo ingetosha kununua Yagi nzuri pamoja na nguzo.

Hatua ya 4: Waya

Nunua waya wa RG6 wa omu 75. Kwenye masafa haya hupoteza takriban desibeli 5 kila mita 30, ilhali ule mwembamba hupoteza zaidi. Unapofunga koneka, hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa wavu wa nje unaogusa shaba ya katikati. Kiungo cha juu kifunge kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondoke nje. Shaba iliyogeuka kijani ni dalili kwamba maji yalishaingia, na waya huo utupwe.

Hatua ya 5: Kuielekeza

Hatua hii ndiyo inayoweza kumaliza mchana mzima, na nawasihi wasomaji wasiiharakishe.

Kwanza, usalama. Usipande juu mvua inaponyemelea, na nguzo isimame mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake, ili hata ikianguka isizifikie. Kwenye maeneo yenye radi nyingi kama Kisii na Kakamega, nguzo iunganishwe na ardhi kwa waya mnene.

Mtu mmoja awe juu na mwingine mbele ya runinga, wakiwasiliana kwa simu. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi. Utaona vipimo viwili: nguvu na ubora. Nguvu huonyesha jumla ya kila kinachoingia, yakiwemo makelele, ilhali ubora huonyesha kiasi ambacho king'amuzi kinaweza kukisoma bila makosa. Fuata ubora. Nimewahi kuona nguvu ya asilimia 90 ikiwa na ubora wa sifuri, na nguvu ya asilimia 55 ikitoa picha safi usiku kucha.

Upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mnara. Kiakisi, yaani kile kijiti kirefu zaidi au wavu, hukaa nyuma. Vijiti vinaweza kulala sambamba na ardhi au kusimama wima, kulingana na jinsi mnara unavyorusha, na ukikosea jambo hili utapoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata kama mwelekeo ni sahihi. Tazama antena za majirani wanaopata picha nzuri, kisha ujaribu mwenyewe hali zote mbili.

Zungusha antena kidogo sana, kisha uiache na usubiri sekunde 5 hadi 10, kwa sababu king'amuzi huchelewa kusoma mabadiliko. Anayezungusha mfululizo hupita mahali pazuri bila kujua, na baadaye hulaumu antena. Ukipata ubora mzuri, endelea upande huo huo mpaka ubora uanze kushuka, weka alama kwenye nguzo, rudi upande wa pili mpaka ushuke tena, weka alama ya pili, kisha ukaze antena katikati ya alama hizo. Usiridhike na kilele cha kwanza, kwani Yagi husikia kidogo pia kwa pembeni na huenda hicho si kilele chenyewe.

Mwelekeo ukiwa sahihi na ubora bado unarukaruka, hamisha nguzo. Mawimbi yanayotoka moja kwa moja mnarani hukutana na yale yaliyogonga mabati au ghorofa na kurudi, na mahali fulani hudhoofishana. Kuhama nusu mita kando, au kupandisha antena hadi mita moja juu ya mabati, kumewahi kunifaa kuliko kubadilisha antena. Kwa shangazi, tulihamisha nguzo kutoka nyuma ya tangi la maji hadi kona nyingine ya paa, na ubora ukatulia.

Hatimaye, pima kundi la kila msambazaji. Ni afadhali kukaza antena mahali ambapo makundi yote yana ubora wa kadiri kuliko pale ambapo moja ni bora sana na jingine linakatika. Rudia vipimo usiku na baada ya mvua, hasa kama kuna miti upande wa mnara.

Hatua ya 6: Busta, ikibidi

Busta haiwezi kurudisha ubora uliokwisha kupotea. Hukuza mawimbi na makelele kwa pamoja. Hufaa pale ambapo waya ni mrefu au umegawanywa kwa runinga kadhaa, na mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla ya waya kupoteza chochote. Karibu na mnara wa simu inaweza kuzidiwa na mawimbi ya 4G ya megahezi 800, na ubora ukashuka badala ya kupanda. Chagua yenye kichujio cha 4G. Kama busta inapata umeme kutoka kwenye king'amuzi, washa volti 5 za antena kwenye menyu. Kama antena haina busta, acha volti hizo zikiwa zimezimwa.

Hatua ya 7: Tafuta chaneli upya

Futa orodha ya zamani kabla ya kutafuta. Ukiona chaneli moja imejitokeza mara mbili, huenda king'amuzi kimenasa minara miwili. Fungua kila moja, linganisha ubora, kisha ufute ile dhaifu.