Mtihani wa idhini ya umeme: pima kipimaji chenyewe
Wenzangu wa Lubumbashi mnaojiandaa kwa mtihani wa idhini ya kazi za laini: fanyeni mazoezi mkitaja kila hatua kwa sauti huku mkono ukiifanya. Kata umeme, tia swichi kufuli, pima, unganisha na ardhi, zungushia uzio. Kwenye kupima, gusisha kipimaji (kifaa kinachoonyesha kama kuna umeme) mahali penye umeme wa hakika kabla na tena baada, kwa sababu kipimaji kibovu na waya mfu, yaani usio na umeme, huonyesha kitu kilekile. Ila hata ukipima vizuri, jibu ni la dakika ile tu: jenereta ya mteja inaweza kurudisha umeme kwenye laini, ndiyo maana hatua ya kuunganisha na ardhi hairukwi. Na kipimaji cha volti 220/380 msikipeleke kamwe kwenye laini ya maelfu ya volti, kinaua.